Umepona, Sasa Unataka Kupungua

Kuna watu ambao ushauri wa kawaida wa kupunguza uzito ni sumu kwao. Mtu aliyewahi kujinyima chakula mpaka akaanguka njiani, aliyekuwa akila na kujitapisha kwa siri, au aliyekuwa akiamka usiku kubugia kila kilichomo jikoni kisha analala akilia, ukimwambia aache wanga, aruke chakula cha usiku na apande mizani kila asubuhi, umemkabidhi ugonjwa wake upya. Makala hii ni yake. Amepona, au yuko mbali sana na pale alipokuwa. Anakula. Nguo za zamani hazimwingii, na pengine kliniki wamemwambia presha imeanza kupanda. Anataka kupungua na anaogopa, na woga wake una msingi.

Msimamo wangu ni huu: kwa aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji, uzito haushughulikiwi kwa kuanza kupunguza chakula. Unashughulikiwa kwa kula milo yote, kila siku, kwa muda mrefu, na kuuacha mwili uoneshe utakapotulia. Wengi wakifanya hivyo hukuta hakuna cha kupunguza. Wachache wanaobaki na sababu ya kweli ya kiafya wanaweza kupungua pole pole, wakiwa na mtaalamu anayewafuatilia. Njia nyingine zote ninazozijua huishia palepale mtu alipotoka.

Ni vizuri kwanza uelewe kwa nini uzito umeongezeka, maana wengi hudhani ni ulafi. Novemba 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwakusanya vijana 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, na wakakubali kwa hiari yao kutafitiwa juu ya njaa. Kwa takriban miezi sita ya mwaka 1945 walipewa chakula pungufu. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji. Hata hivyo, kadiri walivyokonda, fikra zao zote zikahamia kwenye chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi usiku, wanakula polepole kwa taratibu zao za ajabu, wanagombana kwa jambo dogo, wanajitenga na wenzao. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kiasi ambacho wenyewe hawakuamini, na bado wakasema njaa haijatoka. Mafuta ya mwili yalirudi haraka kuliko misuli, yakapita hata kiwango cha mwanzo, na ilichukua miezi mingi kabla ya kushuka. Keys na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1950, na mpaka leo madaktari wanaotibu matatizo ya ulaji huyarejea.

Kwa hiyo ile njaa isiyoshiba uliyoipata ulipoanza kula tena haikuwa tabia mbaya. Ni mwili uliokuwa umeporwa ukidai chake. Na ule uzito uliorudi ukakaa tumboni na kiunoni, huku mikono bado ni myembamba, nao unajulikana vizuri kwa madaktari: kwa mtu aliyekuwa amekonda sana, mafuta huanza kurudi katikati ya mwili, kisha husambaa upya. Kusambaa huko huchukua kama mwaka, wakati mwingine zaidi, na hutokea kwa sharti moja tu, kwamba mtu aendelee kula. Anayeingia kwenye dayati mwezi wa nne tangu aanze kula tena, kwa sababu amechukizwa na tumbo lake anaikatiza kazi hiyo katikati.

Hapa nitasema wazi nani asipunguze kabisa. Kama hujamaliza angalau mwaka mzima wa kula vizuri, bila kujinyima, bila kujitapisha, bila kutumia dawa za kuharisha na bila kubugia, bado hujafika wakati wa kuzungumzia kilo. Kama wewe ni mwanamke, na hedhi haijarudi au inakuja na kupotea bila sababu nyingine inayojulikana, mwili wako bado unadai chakula, hata kama mizani inasema mengine. Hedhi inapokatika kwa njaa, homoni zinazolinda mifupa hupungua, na mfupa uliopotea ujanani ni vigumu sana kuurudisha. Kama una umri wa chini ya miaka 18, hili ni suala la daktari na wazazi wako. Usiliamue peke yako. Kama ni mjamzito au unanyonyesha, liache kabisa. Kwa wote hao ushauri wangu ni mfupi: nunua nguo zinazokutosha. Nenda mitumbani utafute suruali isiyokubana, na zile za enzi za ugonjwa zitoe ndani ya nyumba, mpe mtu. Suruali inayoning'inia kabatini ikisubiri ukonde inakuhukumu kila ukifungua mlango.

Sasa tuseme muda umepita, unakula vizuri, na bado unataka kupungua. Jiulize ni nani anayetaka. Ugonjwa huu ni hodari wa kubadilisha lugha. Zamani ulikuambia wewe ni mnene na huna thamani. Leo hausemi hivyo, maana umejifunza kuukatalia. Leo unasema habari za afya. Unasema "kula safi", "kusafisha mwili", "kupumzisha tumbo", "kuacha ngano". Maneno ni mapya lakini amri ni ileile. Kuna namna ya kuutambua. Fikiria daktari amekwambia kwamba presha yako itashuka na sukari itakaa sawa, lakini uzito hautapungua hata kilo moja. Ukihisi nafuu, yaelekea unachotafuta ni afya. Ukihisi umedhulumiwa, anayeongea si wewe. Jiulize pia kama unaweza kumweleza mtu mmoja unayemwamini mpango wako wote, neno kwa neno, bila kuficha sehemu. Mpango wenye sehemu ya siri ni wa ugonjwa.

Sababu za kweli zipo. Presha ya kupanda, kisukari cha aina ya pili au dalili zake, magoti yanayouma, mafuta kwenye ini, kukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Na kuna kundi kubwa ambalo husahaulika, la watu ambao ugonjwa wao ulikuwa wa kubugia chakula bila kujitapisha. Ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani ulipoutambua rasmi kama ugonjwa unaojitegemea. Wengi wao ni watu wenye miili mikubwa, na maisha yao yote wameambiwa wajizuie. Kumbe kujizuia ndiko kulikokuwa kunawasukuma kubugia: wanajinyima mchana, wanalipuka usiku, wanaona haya, kesho yake wanajinyima zaidi.

Hata sababu ikiwa ya kweli, anza na ugonjwa wenyewe kabla ya uzito. Presha ina tiba zake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo kwenye supu za pakiti, viungo vya unga vya mchuzi na chumvi tunayoongeza mezani. Kupunguza chumvi hakumnyimi mtu chakula. Kutembea hushusha presha hata uzito ukibaki vilevile. Dawa zipo, na kuzitumia si kushindwa. Kwa upande wa kisukari, utafiti mkubwa wa kukikinga uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwapa watu wenye hatari ya kukipata lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wa kupata kisukari ukapungua kwa asilimia 58. Nautaja ili uone kwamba mwili hauhitaji muujiza. Anayekuambia lazima urudi kilo za ulipokuwa sekondari anakuuzia kitu.

Kliniki zetu huanza na mizani, na muuguzi husoma namba kwa sauti mbele ya foleni nzima. Jiandae. Nenda na sentensi yako kinywani: "Niliwahi kuugua matatizo ya ulaji. Naomba nipime nikiwa nimeipa mizani mgongo, na nisitajiwe kilo." Kama hawaelewi matatizo ya ulaji ni nini, sema kwa maneno ya kawaida: nilikuwa najinyima chakula, nilikuwa najitapisha, nilikuwa nabugia. Ni aibu ya dakika moja, nayo inakulinda na karatasi ya dayati inayogawiwa kila mtu. Omba vipimo vya presha, sukari, mafuta kwenye damu, wingi wa damu na homoni za thairoidi, na kama uliwahi kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha, omba pia kipimo cha potasiamu, maana ikishuka moyo huweza kupiga ovyo. Taja dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, za sonona, za pumu au mzio zenye steroidi, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, huongeza uzito. Daktari anaweza kubadilisha. Wewe usiache dawa kwa uamuzi wako.

Unahitaji watu watatu: daktari, mtaalamu wa lishe na mtu wa afya ya akili. Tanzania kuna maofisa lishe kwenye halmashauri, na hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina huduma ya afya ya akili. Hospitali ya Muhimbili ina idara nzima, na Dodoma kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Kenya kuna wataalamu wa lishe katika hospitali za kaunti, na Nairobi kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Najua wengi tunaogopa majina hayo kwa sababu ya mambo tuliyoyasikia tangu utotoni. Ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa wa akili unaoua kupitia mwili, na huko ndiko waliko wanaoujua. Ukimpata mmoja tu kati ya hao watatu, anza naye, na umwombe akusaidie kuwafikia wengine.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford, waliojenga tiba ya mazungumzo inayotumika sana kwa magonjwa haya, waliweka ulaji wa saa maalumu kuwa hatua ya mwanzo: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, bila kukaa zaidi ya saa nne kati ya kula na kula. Msingi huo hauondolewi unapotaka kupungua. Unauweka kwanza, unahakikisha umesimama, ndipo unagusa kitu kingine.

Kwa siku zetu hizi mpangilio unaweza kuwa hivi: chai na kitafunwa, au uji, kabla ya saa mbili asubuhi. Saa nne, ndizi au kikombe cha mtindi au karanga. Chakula cha mchana saa saba. Saa kumi, kitu kidogo tena. Chakula cha usiku saa moja au saa mbili. Asiyezoea huona ni chakula kingi mno kwa mtu anayetaka kupungua, na hapo ndipo anapokosea hesabu. Mtu asiyekunywa chai asubuhi, akashinda na maji na soda, hufika nyumbani saa kumi na mbili jioni akiwa hana tena uwezo wa kuchagua. Anakula akiwa amesimama karibu na jiko. Anayekula kila baada ya saa tatu au nne hufika mezani akiwa na njaa ya kawaida, anashiba kwa sahani ya kawaida, na analala.

Ndani ya sahani weka vitu vitatu: cha wanga, cha kujenga mwili, na mboga. Ugali, wali, viazi, ndizi au mihogo, usikiondoe hata kimoja. Maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au kuku. Mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia. Dagaa na maharage hushibisha muda mrefu, na ni nafuu kuliko unga wa protini unaouzwa jimu. Matunda ya msimu yapo kila kona. Mafuta ya kupikia yapunguze kwa namna moja tu: badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, tumia kijiko kikubwa. Familia nzima ifaidike. Usipikiwe sufuria yako peke yako kama mgonjwa.

Hakuna chakula kilichokatazwa. Najua ushauri huu unawashangaza wengi. Chapati, maandazi, vitumbua, chipsi mayai, pilau ya harusi, vyote vina nafasi yake. Kwa mtu wa kawaida, kuacha chapati ni uamuzi mdogo. Kwa aliyewahi kuugua, chapati iliyokatazwa hugeuka kuwa chapati inayowazwa mchana kutwa, na mwisho huliwa sita kwa mkupuo. Kula moja au mbili mezani, mchana kweupe, na watu, kama sehemu ya mlo wako.

Mabadiliko yafanye moja kwa wakati mmoja, na kila moja likae wiki kadhaa kabla ya jingine. Anza na vinywaji, maana hapo pana faida kubwa na hatari ndogo: soda ya kila siku iwe ya mara mojamoja, na sukari ya chai ipungue nusu kijiko, baadaye nusu nyingine. Kisha mboga ziongezeke. Ukiona badiliko dogo linaanza kukupa furaha ya ajabu, ile furaha ya zamani ya kujiona mshindi dhidi ya njaa, lisimamishe na umwambie mtaalamu wako. Hiyo furaha unaijua.

Usihesabu kalori. Usipakue programu ya simu ya kuhesabu. Usijipime nyumbani, mizani iwe ya kliniki, na namba awe nayo daktari. Kama una mizani chini ya kitanda, itoe leo. Nguo, pumzi unapopanda ngazi, presha, usingizi na hedhi vinatosha kukuonesha mwili unakwenda wapi.

Na sasa biashara ya kukonda. Kariakoo, mtandaoni, hata saluni, utauziwa chai za kupunguza tumbo, vidonge vya "mitishamba" na maji ya kusafisha mwili. Chai nyingi za aina hiyo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Dawa za kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini, ikiwemo potasiamu. Mizani inashuka asubuhi na kupanda jioni, na utumbo unazoea mpaka haufanyi kazi bila dawa. Vidonge ni hatari zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo. Tangu hapo mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama vya asili. Kidonge kinachokuondolea hamu ya chakula siku ya kwanza hakina majani matupu. Kuhusu sindano mpya kama za semaglutaidi, hizo ni dawa halali kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hufanya kazi kwa kupunguza njaa, nawe ulipigana miaka kuirudisha. Asikudunge mtu ambaye hajui historia yako yote.

Mfungo unahitaji maneno zaidi, kwa sababu katika jamii zetu hakuna anayemuuliza anayefunga kwa nini hali. Mwezi wa Ramadhani, Kwaresima, maombi ya siku 21 kanisani: mgonjwa wa ulaji anapata kifuniko chenye heshima. Anasifiwa kwa ucha Mungu wake wakati anaugua. Kwa Mwislamu, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185: mgonjwa atatimiza hesabu siku nyingine, na asiyeweza anatoa fidia kwa kumlisha maskini. Mnasihi wako na daktari wako wamwandikie au wazungumze na sheikh unayemwamini ikibidi, maana wako masheikh ambao hawajawahi kusikia kwamba kujinyima chakula kunaweza kuwa ugonjwa. Ukiruhusiwa na daktari kufunga, daku usiikose, futari iwe mezani na watu, na chakula cha usiku kiwepo. Siku ukijikuta unafurahi kwamba mfungo unakukondesha, au unaogopa Idi kwa sababu ni lazima ule, fungua na umpigie mtaalamu wako. Kwa Mkristo, kuna mfungo wa kuacha simu, wa kuacha kusengenya, wa kutoa sadaka na kuwatembelea wagonjwa. Mchungaji au padri akielezwa ataelewa. Kwa sababu hiyohiyo, ule mtindo wa kukaa saa 16 bila kula unaosifiwa sana mitandaoni siupendekezi kwa yeyote mwenye historia hii.

Mazoezi ni mema, ila nayo yaliwahi kuwa adhabu. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka kidogo. Hizo ni kama nusu saa kwa siku tano, na zinatosha. Chagua kitu kinachofanywa na watu: netiboli ya mtaani, kutembea na jirani alfajiri, mpira wa ufukweni, ngoma. Usifanye mazoezi ili kulipia ulichokula, na usile ili kulipia mazoezi. Siku ya mvua au ya homa ukishindwa kabisa kukaa bila kufanya, tatizo limeanza. Haya ni ya wanaume pia, na kwao hayaonekani upesi: kijana anayekula kifua cha kuku bila chumvi mara sita kwa siku na kukataa chakula cha mama yake kwa ajili ya misuli ya tumbo huitwa mwenye nidhamu, kumbe anateseka.

Kisha kuna midomo ya watu. Kwetu mtu husalimiwa kwa mwili wake. "Umenenepa, ndoa imekukubali!" husemwa kwa upendo, na aliyepona analisikia usiku kucha. "Umekonda, unaumwa nini?" nalo humfurahisha kwa namna isiyofaa. Shangazi hatabadilika kwa sababu umemchukia, atabadilika ukimwambia kwa heshima: "Shangazi, niliumwa kwa sababu ya mambo ya mwili. Nikija, niulize habari za kazi na watoto, za mwili tuziache." Kwa mtu baki jibu fupi latosha: "Alhamdulillahi, niko salama," kisha badilisha mazungumzo. Na wewe mzazi, mume, mke au ndugu unayesoma makala hii kwa ajili ya mwingine, usimpongeze kwa kupungua na usimhesabie matonge. Kula naye. Mahali ambapo familia hula sinia moja, ni rahisi mtu kukaa katikati ya watu wanane na asile kitu bila yeyote kuona. Mpakulie sahani yake kwa muda, bila kutangaza sababu.

Picha za simu zina nguvu kuliko tunavyokiri. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya utafiti Fiji, katika eneo la Nadroga, ambako mwili ulioshiba ulikuwa ndio uzuri, kama ilivyokuwa kwa wengi wetu pwani. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mwaka 1998, asilimia 11.3 ya wasichana wa shule waliohojiwa walisema wamewahi kujitapisha ili wadhibiti uzito. Miaka mitatu kabla yake hakukuwa na hata mmoja. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni inayozimwa usiku. Simu hailali. Acha kufuata kurasa zote zinazoonesha miili ya kabla na baada, hata za marafiki. Na kama harusi yako inakaribia, mwambie fundi apime gauni kwa mwili ulio nao wiki hii. Gauni linarekebishwa kwa saa mbili.

Mpango huu wote una breki, na breki hiyo uikubali kabla ya kuanza. Andika dalili zako za zamani kwenye karatasi na umpe mtu mmoja nakala: kuruka mlo na kudanganya kwamba umekula, kukimbilia chooni baada ya kula, kukataa mialiko, kuhisi baridi muda wote, nywele kukatika, kukosa hedhi, kupima kiuno kwa vidole, kukasirika chakula kikichelewa au kikibadilishwa. Mkubaliane kwamba dalili mbili zikirudi, kupunguza uzito kunasimama siku hiyohiyo, presha au sukari itatibiwa kwa dawa, na mnarudi kwa mtaalamu. Usibishane na uliyempa nakala siku hiyo. Ulishakubali ukiwa na akili timamu.

Ukizimia, moyo ukidunda ovyo, kifua kikiuma, ukitapika damu, misuli ikilegea au kukakamaa, au ukijikuta unawaza kujiua, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mtu aliye karibu hata kama ni saa nane usiku, nenda hospitali iliyo karibu, na ukifika mapokezi useme kwamba uliwahi kuugua matatizo ya ulaji, ili wapime moyo na madini ya damu mara moja.